Barua ya wazi kwa viongozi wa vyama vya siasa: heshimuni kura za wanachama wenu

Kwa: Wenyeviti na Makatibu Wakuu wa vyama vyote vya siasa vyenye usajili wa kudumu, Tanzania.

Nakala: Msajili wa Vyama vya Siasa, Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Utawala, Katiba na Sheria.

YAH: WANACHAMA KUNYIMWA SAUTI KATIKA UTEUZI WA WAGOMBEA, NIDHAMU NA FEDHA ZA VYAMA

Waheshimiwa viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia nikiwa mwanachama wa kawaida wa chama kimojawapo cha siasa na mkazi wa Mbagala, Wilaya ya Temeke, ambako niliwahi kuwa katibu wa tawi. Chama changu sikitaji, kwa sababu ninayoyaeleza nimeyasikia pia kwa majirani wenye kadi za vyama vingine, na ningekitaja, wengi wenu mngeyachukua kuwa ugomvi wa nyumba moja na kukaa pembeni. Nilianza kwa njia inayoelekezwa na katiba ya chama: malalamiko ofisi ya kata, rufaa wilayani, kisha mkoani, na nakala zote zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Sikujibiwa, hata kwa kukataliwa. Ndiyo sababu leo ninaandika hadharani, kwa heshima yote mnayostahili kama viongozi wetu, lakini bila kumung'unya maneno.

Kilichotupata ni hiki. Katika mchakato uliopita wa kumpata mgombea udiwani wa kata yetu, watia nia walichukua fomu, wakarejesha, wakajieleza mbele ya wajumbe, kura zikapigwa na kuhesabiwa ukumbini tukiona wenyewe. Aliyeongoza aliwaacha wenzake mbali. Ni mama anayefahamika mtaa kwa mtaa kwa kazi ya kusimamia vikundi vya akina mama na kufuatilia kero za maji. Baadaye mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa, ulitoka ukiwa na jina la mtu aliyepata kura chache kuliko karibu wote waliogombea. Hatukuambiwa kosa la aliyekatwa, wala sifa ya ziada ya aliyepandishwa, wala kikao kilichoamua kiliketi lini. Tulipouliza tuliambiwa kwamba vikao vya juu vimekwisha kuamua na kwamba kuhoji ni utovu wa nidhamu. Mama yule alinyamaza kwa mapenzi yake kwa chama. Mimi sioni kwamba kunyamaza kunakisaidia chama chochote.

Kabla ya kuorodhesha malalamiko, ninaomba tukubaliane juu ya jambo moja ambalo hoja zangu zote zinalitegemea. Ibara ya 39 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge vivyo hivyo. Ibara ya 71 inaongeza kwamba mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, anapoteza kiti. Kwa maneno mengine, Katiba imejenga mlango mmoja tu wa kuingia katika ubunge wa jimbo, na funguo zake mnazo ninyi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hili mahakamani tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994, Katiba ikabadilishwa ili mgombea binafsi asiruhusiwe. Mahakama Kuu ikakubaliana naye tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki za raia. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na tume ya Jaji Joseph Warioba nayo ilimruhusu mgombea binafsi. Pamoja na hayo yote, tumekwenda katika uchaguzi wa 2015, 2020 na 2025 tukiwa na utaratibu uleule.

Raia ambaye hana njia nyingine isipokuwa kupitia kwenu ana haki ya kuuliza mnavyoitumia njia hiyo. Chama kikishapewa na Katiba ya nchi mamlaka ya kuamua nani awe kwenye karatasi ya kura na nani aondoke bungeni, shughuli zake za ndani huacha kuwa siri ya wenye kadi. Hili ni kweli zaidi katika majimbo na kata ambako chama kimoja kina nguvu kiasi kwamba atakayeteuliwa ndiye atakayeshinda. Huko uchaguzi halisi hufanyika siku ya kura za maoni, au hufanyika katika kikao cha watu wachache kinachozipitia kura hizo, na mamia ya maelfu ya wananchi huitwa baadaye kuthibitisha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kura za maoni zinapigwa, lakini haziheshimiwi. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ninaomba mniruhusu nilieleze kwa kirefu.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba hata chini ya chama kimoja, wananchi waliachiwa kitu cha kuamua. Katika uchaguzi wa 1965, TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi ya Tanzania Bara, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi wakachagua. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Paul Bomani, alishindwa katika jimbo lake. Sisemi turudi huko. Chama kimoja kilikuwa na madhara yake, na tume ya Jaji Francis Nyalali iliyaeleza vizuri ilipopendekeza mfumo wa vyama vingi ingawa wengi wa waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Ninachosema ni kwamba tulipoingia katika vyama vingi Julai 1, 1992, tulitegemea mwananchi aongezewe uwezo wa kuchagua. Ni aibu kwetu sote kwamba, katika kata nyingi, mwanachama wa leo ana uwezo mdogo wa kumwondoa diwani au mbunge asiyewajibika kuliko aliokuwa nao babu yake mwaka 1965.

Chama tawala kimejaribu njia zaidi ya moja. Mwaka 2010 kilifungua kura za maoni kwa wanachama wote wenye kadi. Mwaka 2020 kilirudi kwa wajumbe wa mikutano mikuu ya majimbo. Katika njia zote mbili kura zilibaki kuwa maoni, kwa kuwa neno la mwisho lilikuwa la vikao vya juu. Sisi wa Dar es Salaam tuna mfano unaojulikana wa jimbo la Kawe, ambako mwaka 2020 aliyepeperusha bendera hakuwa aliyeongoza kura za maoni. Inawezekana vikao vilikuwa na sababu nzuri. Wanachama waliopiga kura walistahili kuzisikia sababu hizo kutoka kwa viongozi wao badala ya kuzikisia vijiweni.

Upande wa upinzani hauna wa kumcheka mwenzake. Vyama vingi vidogo havina kura za maoni kabisa. Mwenyekiti na katibu wake hukaa na kugawa majimbo, na wakati mwingine jimbo hupewa mtu aliyekatwa kwingine juzi, asiyeijua hata katiba ya chama anachokwenda kukiwakilisha. Mwaka 2015 vyama vilivyounda Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, viligawana majimbo kwa mazungumzo ya viongozi, na makada waliokijenga chama katika jimbo kwa miaka mingi waliambiwa wampishe mgombea wa chama rafiki. Ushirikiano wenyewe ulikuwa na maana. Wenye jimbo, hata hivyo, walipaswa kuulizwa.

Januari 2025 ilituonyesha sura mbili ndani ya siku chache. Dodoma, Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ulimpitisha mgombea urais miezi tisa kabla ya uchaguzi, bila mwanachama mwingine kupata nafasi ya kuchukua fomu. Hapa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Mlimani City, Chadema walipiga kura ya mwenyekiti iliyohesabiwa huku nchi ikifuatilia: Tundu Lissu kura 513, Freeman Mbowe kura 482, na aliyeshindwa akakubali matokeo hadharani. Nilikesha na wenzangu tukifuatilia, wanachama wa vyama mbalimbali tukiwa pamoja, na niliona jinsi watu walivyoheshimu kitu walichokiona kwa macho yao. Hata waliompenda aliyeshindwa hawakusema wameibiwa.

2. Fedha imekuwa sifa ya kwanza ya mtia nia. Kila msimu wa kura za maoni, mjumbe hugeuka bidhaa. Husafirishwa usiku, hulazwa nyumba za wageni, hupewa bahasha ya huyu na nauli ya yule, na asubuhi huingia ukumbini akiwa na madeni ya shukrani kwa watu watatu. Mahakama Kuu ilikwisha kufuta takrima, yaani ruhusa ya kisheria ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Mnazo basi nyenzo za kisheria. Kinachokosekana ni chama kilicho tayari kumkabidhi TAKUKURU mtia nia wake tajiri kabla hajapata ubunge.

3. Viti maalumu vinapangwa gizani. Ibara ya 66 inataka wabunge wanawake wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wote, na Ibara ya 78 inavipa haki ya kupendekeza majina vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge. Baada ya uchaguzi wa 2015 viti hivyo vilikuwa 113, zaidi ya robo ya Bunge. Ni jambo jema, na bila viti hivyo sauti ya mwanamke bungeni ingekuwa hafifu sana. Kwa sababu hiyohiyo utaratibu wake unapaswa kuwa safi kuliko mwingine wowote, kwa kuwa mwananchi hamwoni mgombea wa viti maalumu kwenye karatasi ya kura. Orodha ndiyo uchaguzi wenyewe. Nani anajua, katika chama chake, namba moja alipatikanaje na namba kumi akashushwa kwa nini?

Novemba 2020 taifa lilishuhudia matokeo ya utaratibu huo. Wanawake 19 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu kwa tiketi ya Chadema, chama kikasema hakijawasilisha majina yao, kikawavua uanachama, na bado walikaa bungeni huku mashauri yakiendelea. Simhukumu yeyote kati yao, maana jambo lilifika mahakamani. Ninauliza tu swali ambalo wananchi wengi waliuliza: inawezekanaje orodha ya wabunge ikafika mahali pa kuapishwa na nchi isijue nani aliitia saini? Kama orodha hizo zingebandikwa kwenye milango ya ofisi za wilaya pamoja na kura ambazo kila mmoja alipata, sintofahamu ile isingepata nafasi.

4. Uanachama umefanywa fimbo ya kumchapia mbunge aliyechaguliwa na wananchi. Mwaka 2011 NCCR-Mageuzi walimvua uanachama David Kafulila. Mwanzoni mwa 2012 CUF walimvua Hamad Rashid Mohamed. Wote wawili walilindwa na mahakama. Mwaka 2017, wakati CUF ikiwa imegawanyika, wabunge wanane wa viti maalumu walifukuzwa na upande mmoja na viti vyao vikatangazwa wazi ndani ya siku chache. Ukiilinganisha kasi ile na miaka ambayo wale 19 walibaki bungeni baada ya chama chao kuwafukuza, utaona kwamba Ibara ya 71 inakata haraka pale inapotakiwa na kusita pale isipotakiwa. Mbunge anayelijua hilo hawezi kusimama na kusema lililo kweli kuhusu bajeti au mkataba. Januari 2022 hata Spika Job Ndugai alilazimika kujiuzulu baada ya kauli yake kuhusu mikopo ya taifa kuzua hasira ndani ya chama chake. Iwe alikosea au alipatia, mhimili mzima uliona gharama ya kutofautiana.

Ibara hiyohiyo ina upande wake wa pili. Mbunge wa Kinondoni aliyechaguliwa mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF alijiuzulu mwishoni mwa 2017, akahamia CCM, na Februari 2018 akasimamishwa kugombea kiti kilekile alichokiacha. Wakazi wa Kinondoni walirudishwa vituoni kwa gharama za umma ili wamchague mtu waliyekuwa naye. Wanachama wa chama kilichompokea, waliohangaika na jimbo hilo kwa miaka, walipata nafasi gani ya kusema kama wanamtaka?

5. Hesabu za chama hazimfikii mwanachama. Ruzuku ni kodi ya muuza mihogo wa Tandika na dereva wa daladala wa Gongo la Mboto. Sheria inavitaka vyama kutunza hesabu na kukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Nikiwa katibu wa tawi tulilipa pango kwa kuchangishana, na hakuna aliyeweza kutuambia kama ruzuku ilikuwa na fungu la matawi. Sidai kwamba imeliwa. Nadai kuonyeshwa.

6. Uongozi wa juu hauna ukomo. Augustine Mrema aliiongoza TLP hadi alipofariki Agosti 2022. Profesa Ibrahim Lipumba alichukua uenyekiti wa CUF mwaka 1999, akajiuzulu Agosti 2015, akarudi mwaka uliofuata, na mgogoro wa kurudi kwake ndio uliokigawa chama hadi Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo Machi 2019. Mbowe aliongoza kuanzia 2004 hadi Januari 2025. Hawa ni watu waliojitoa na baadhi yao walilipa gharama kubwa, wala siwabezi. CCM hubadilisha mwenyekiti kila rais anapobadilika, jambo la kusifiwa, ila kwa utaratibu huo mkuu wa Serikali ndiye mkuu wa chama ambacho wabunge wake ndio walio wengi bungeni na ndio wanaotakiwa kuisimamia Serikali hiyo. Hilo nalo mlitafakari.

Najua majibu ambayo huwa yanatolewa, kwa hiyo nitayajibu mapema.

Mtasema kwamba chama ni cha hiari na asiyeridhika aondoke. Aende wapi? Mgombea binafsi haruhusiwi, na kuanzisha chama kipya kunahitaji wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, ikiwamo ya Unguja na Pemba. Hoja ya hiari ingekuwa na uzito kama raia angeweza kugombea bila ninyi. Mkiitaka hoja hiyo, simameni kwanza mtetee mgombea binafsi.

Mtasema kwamba wajumbe wanahongeka, na vikao vya juu vinapokata majina vinasafisha. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote na siidharau, kwa kuwa nimeziona bahasha. Lakini aliyehonga wajumbe mia mbili hazuiwi kwenda kuwahonga wajumbe kumi wa kikao cha juu, tena kwao anatumia nauli ndogo zaidi. Kadiri wapiga kura wanavyoongezeka ndivyo kuhonga kunavyokuwa kugumu. Na kama yupo aliyeshinda kwa rushwa, andikeni jina lake, kosa lake na ushahidi uliopo, mpeni nafasi ya kujitetea, kisha mkateni mchana kweupe. Kumkata kimya kimya kunamwacha mwizi na msafi katika fungu moja, na mama yule wa kata yetu hadi leo anatazamwa na baadhi ya watu kama mtu mwenye doa ambalo hakuna aliyewahi kulitaja.

Mtasema kwamba ushindani wa wazi unavunja chama, na mtanionyesha Chadema, ambako baada ya uchaguzi wa Januari 2025 kundi la viongozi liliondoka na wengine wakajiunga na Chaumma. Ni kweli waliondoka. Hata hivyo mgogoro wa CUF haukuletwa na sanduku la kura lililohesabiwa mbele ya watu. Uliletwa na kukosekana kwa utaratibu ambao pande zote mbili zingeukubali wa kujibu swali la kama mwenyekiti aliyejiuzulu anaweza kurudi. NCCR-Mageuzi, kilichokuwa chama kikuu cha upinzani Bara mwaka 1995, kilidhoofishwa na ugomvi wa viongozi wakuu kabla ya uchaguzi wa 2000. Wanachama wa kawaida hawakuulizwa katika migogoro hiyo, na vyama vilivunjika vilevile.

Ninyi wa upinzani mtasema kwamba huu si wakati wake, kwamba mnabanwa, mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023, viongozi wenu wanakamatwa, na kudai demokrasia ya ndani sasa ni kumpa adui silaha. Siandiki nikiwa nimesahau. Sijaisahau Oktoba 29, 2025, siku ambayo watu walipoteza maisha katika mitaa ya jiji hili na kwingineko, na jambo hilo ni zito kuliko barua yangu. Linadai haki kwa njia zake. Nanyi wa chama tawala msiitumie barua hii kuwanyooshea wenzenu kidole, kwa kuwa aliyebanwa na anayebana hawako katika hali moja. Lakini kuhesabu kura za tawi kwa uaminifu na kubandika hesabu za ruzuku ukutani hakuhitaji kibali cha polisi.

Wenzetu wameliandika jambo hili katika katiba zao. Ibara ya 21 ya Katiba ya Ujerumani ya 1949 inataka mpangilio wa ndani wa vyama ufuate misingi ya demokrasia na vyama vitoe hesabu za fedha zao hadharani. Ibara ya 91 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka kila chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia, na majirani zetu hao wana baraza maalumu la kusikiliza migogoro ya vyama, ikiwamo ya uteuzi. Sisemi uteuzi wa Kenya ni mtulivu. Tumeona vurugu zake. Tofauti ni kwamba mwanachama aliyeporwa kura Nairobi anajua mlango wa kubisha na jibu atapewa kwa maandishi. Sheria yetu ya Vyama vya Siasa nayo, baada ya marekebisho ya 2019, inataka vyama viendeshwe kidemokrasia. Kazi iliyobaki ni kuitekeleza.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba mambo yafuatayo, na ninayaomba kwa vyama vyote.

Kwanza, kila chama kibadilishe kanuni zake ili aliyeongoza kura za maoni awe mgombea, isipokuwa pale ambapo kikao kimetoa sababu kwa maandishi, kimemsikiliza aliyekatwa, na sababu hizo zimebandikwa ofisi ya kata au ya jimbo kabla ya siku ya kurejesha fomu za Tume. Kanuni hizo ziwe tayari kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029, ili tuzijaribu mtaani kabla ya ubunge na urais wa 2030.

Pili, kura zihesabiwe mahali zilipopigwa, matokeo yasainiwe na mawakala wa watia nia wote, na kila mtia nia apewe nakala. Orodha za viti maalumu zitolewe kwa utaratibu uleule, zikionyesha kura za kila mmoja.

Tatu, mbunge au diwani asivuliwe uanachama bila kusikilizwa na chombo ambacho wajumbe wake hawakuteuliwa na mtu anayemshtaki. Ninyi mlio na wabunge pelekeni muswada wa kuirekebisha Ibara ya 71 na wa kuanzisha baraza huru la migogoro ya vyama lenye muda maalumu wa kutoa uamuzi. Muswada huohuo umfungulie njia mgombea binafsi, kama ilivyoamuliwa Arusha mwaka 2013.

Nne, kila mwaka mapato na matumizi ya chama, ruzuku ikiwamo, yabandikwe katika kila ofisi ya wilaya kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mwanachama aruhusiwe kupiga picha.

Tano, wekeni ukomo wa vipindi vya uenyekiti katika katiba zenu, kabla ya chaguzi za ndani zinazofuata.

Kwa chama changu nina ombi moja la ziada: mjibuni mama wa kata yetu. Mwambieni kwa maandishi kwa nini jina lake lilikatwa, na kama hakuna sababu, mwambieni hivyo, nasi wajumbe tuliompigia kura tupewe nakala. Barua zetu mnazo wilayani na mkoani, zikiwa na jina langu kamili na namba ya kadi yangu, kwa hiyo anayetaka kunipata anajua pa kunipata. Ada yangu ya mwaka huu nimelipa. Nitakuwapo kwenye mkutano wa tawi unaofuata, na nitaomba barua hii isomwe chini ya ajenda ya yatokanayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanachama na aliyekuwa katibu wa tawi,
Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.